Mchafuzi Asilimia 25, Mlinzi 40

Hukumu ya Owino Uhuru inapotajwa, wengi hukumbuka fidia ya Sh1.3 bilioni. Mimi nimekwama kwenye jinsi deni hilo lilivyogawanywa.

Kenya Metal Refineries, kampuni iliyokuwa ikiyeyusha betri chakavu za magari ubavuni mwa kijiji hicho cha Mombasa ili ipate madini ya risasi, ilitwikwa asilimia 25. NEMA, mamlaka ya mazingira iliyopaswa kuichunga, ikabebeshwa 40. Wizara ya Mazingira 10, Wizara ya Afya 10, EPZA, mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, 10. Hata mwenye ploti, Penguin Paper and Book Company, hakuponyoka: 5. Piga hesabu. Serikali na mashirika yake, Sh910 milioni. Aliyewasha tanuri, Sh325 milioni.

Mgao huo hauwezi kueleweka bila Phyllis Omido. Aliajiriwa na kiwanda hicho hicho mwaka 2009, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia tathmini ya athari kwa mazingira. Akashauri kiwanda kihamishwe, kwani kilikuwa kimebanana na makazi ya watu. Hakusikizwa. Kisha mwanawe mchanga akaugua, akatibiwa asipate nafuu, hadi vipimo vya damu vilipoonyesha sumu ya risasi. Mama alikuwa akimnyonyesha.

Omido aliacha kazi. Akahangaikia watoto wengine wa kijiji wapimwe, akabisha hodi ofisi baada ya ofisi, akaandamana, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Miaka miwili baadaye, shirika lake la kutetea mazingira, CJGEA, likaenda kortini kwa niaba ya wakazi wapatao 3,000.

Walishtaki pande zote mbili: moshi ulikuwa wa kampuni, lakini ruhusa ilikuwa ya serikali. Katiba iliwapa mkono. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 70 kinamruhusu kushtaki hata asipothibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Owino Uhuru walioumia walikuwepo, na damu yao ilishapimwa.

Jaji Anne Omollo alikubaliana nao Julai 16, 2020. Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Naona haki katika ile 40. Moshi haukujificha, na mwenye kazi ya kuuona alikuwa na mamlaka ya kuuzima. Lakini fedha za NEMA na za wizara ni za umma, na mama wa Owino Uhuru anayenunua sabuni huchangia kodi. Je, hajilipi mwenyewe fidia ya mwanawe? Na kampuni iliyokwisha kufunga tanuri, hiyo 25 yake itadaiwa wapi?

Orodha ya mgao ina wizara, mamlaka na kampuni. Afisa aliyetia saini kibali hana asilimia yake.