Uzito wa Tarakilishi Upigiwe Hesabu

Kuna kasumba inayoenea katika madarasa yetu ya uchoraji wa kiufundi, nayo ni kudhani kwamba tarakimu ikishatolewa na tarakilishi haina budi kuwa sahihi. Mwanafunzi huchora kipande cha mashine, akabonyeza kitufe, na papo hapo akaonyeshwa ujazo wa kipande hicho, uzito wake, kitovu cha uzito huo na hata ugumu wa kukizungusha. Huyanakili yote, akamletea mwalimu, naye mwalimu akampa alama kamili. Mimi, niliye miongoni mwa walimu hao, naona wakati umewadia tuulizane: alama hizo ni za mwanafunzi ama ni za programu?

Ukweli ni kwamba programu haipimi chochote. Haina mizani. Hukokotoa ujazo wa umbo lililochorwa, ikauzidisha kwa densiti, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo ya mali iliyotumika. Ujazo huo aghalabu huwa sahihi kupita mahitaji yetu. Densiti, hata hivyo, hutoka kwa mchoraji mwenyewe, na asipoitaja, programu hujichagulia. SolidWorks, kwa mfano, isipoelezwa mali yoyote huchukulia kwamba kila sentimita ya ujazo ina gramu 1, kana kwamba kipande chenyewe kimeundwa kwa maji!

Hebu tuchukue bamba la chuma cha pua lenye urefu wa milimita 200, upana wa 100 na unene wa 10. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 200. Chuma cha pua kina takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hivyo bamba lina kilo 1.57. Programu iliyoachiwa densiti ya maji itasema gramu 200. Aliyetangulia kupiga hesabu kwa kalamu atashtuka mara moja. Ambaye hakupiga ataandika gramu 200.00, na zile sufuri mbili baada ya nukta zitamzidishia imani.

Sasa tulitoboe tundu lenye kipenyo cha milimita 40, katikati ya tundu pakiwa milimita 60 kutoka katikati ya bamba, kuelekea ncha moja ya urefu. Kitovu cha uzito kitahama kwa kiasi gani? Tundu limeondoa sentimita za ujazo 12.57. Zizidishe kwa 60, ugawanye kwa zile 187.43 zilizobaki, upate milimita 4 kuelekea ncha ya pili. Ni hesabu ya dakika chache, na mwanafunzi aliyeifanya anajua kwa nini kitovu kimehama.

Mambo huchacha zaidi vipande vinapounganishwa. Mota ya umeme, ambayo ndani ina shaba, chuma na nafasi tupu, huchorwa kama gogo moja. Nati na bolti huachwa ili tarakilishi isilemewe. Kipande kilichozimwa katika mchoro hakihesabiwi kamwe, na rangi, mafuta na nyaya hakuna azikumbukaye. Dawa ya mota ni rahisi: ipimwe kwa mizani, kisha programu iamriwe kuutumia uzito huo badala ya ule iliojikokotolea.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya darasani tu. Mnamo 2013 ilibainika nchini Uhispania kwamba nyambizi Isaac Peral, ya kwanza kati ya nne zilizokusudiwa, ilikuwa imezidi uzito kwa tani kati ya 75 na 100. Magazetini kilisimuliwa kisa cha nukta ya desimali iliyowekwa pasipo pake. Sisemi kwamba kitufe cha tarakilishi ndicho kilichokosea huko. Lakini nyambizi haina msamaha: isiposukuma kando maji yenye uzito sawa na wake, haitaibuka. Iliwabidi wahandisi wairefushe kutoka mita 71 hadi karibu mita 81 ili isukume maji mengi zaidi. Ilizinduliwa 2021, na jeshi la wanamaji likakabidhiwa 2023. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Wahispania ulikuwa wa mita kumi.

Katika kazi ninazowapa wanafunzi wangu, kati ya alama 10, nne ni za makadirio ya kalamu, nne za orodha ya mali zilizotumika pamoja na vitu vilivyoachwa nje ya mchoro, na mbili tu za jibu la programu. Walinung'unika, na bado wananung'unika. Muhula huu nakusudia kuwaongezea jingine: kila kundi lilikate bamba lake karakanani na kulipeleka mizanini, hata kama ni kwa muuza mahindi wa sokoni.