Mkutubi Naye Ana Somo

Katika vyuo vyetu, mkutubi angali anahesabiwa miongoni mwa watunzaji wa mali, sawa na mwenye funguo za ghala. Mhadhiri hufundisha, mkutubi hugonga muhuri na kudai faini. Mgawanyo huu unawaponza wanafunzi.

Tuchukue mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, kule Kericho, aliyeagizwa aandike jinsi mashamba ya chai yalivyobadili maisha ya Wakipsigis. Akiachwa peke yake, atafungua simu na kunakili ukurasa wa kwanza utakaotokea. Mkutubi alijuaye eneo lake atamwekea mezani kitabu cha Peristiany cha mwaka 1939, na kile cha Orchardson kilichotoka mwaka 1961 baada ya mhariri kukifupisha na kukiandika upya kwa sehemu. Kando yake ataweka historia simulizi ya Taaitta Toweett ya mwaka 1979, mwanaisimu mzawa wa jamii hiyo aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu. Kisha atauliza: nani anasema, na alimsikia nani? Sheria ya mwaka 1934, iliyowang'oa watu wa ukoo wa Talai na kuwapeleka Gwassi, inasimuliwaje katika kila kitabu, na nani aliyeinyamazia? Hapo mwanafunzi ameanza kusoma.

Hata namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu inafundisha. Katika mfumo wa Dewey, ulioanza mwaka 1876, Kiingereza kina mia nne na ishirini yake, Kijerumani mia nne na thelathini yake. Kiswahili, Kikalenjin na mamia ya lugha nyingine za Afrika zimebanwa pamoja ndani ya 496. Mimi ni mwalimu wa isimu, na sijui mhadhara uonyeshao uhusiano wa lugha na mamlaka kwa ufupi kuliko huo.

Haiwezi kusemwa kwamba ujuzi haupo. Chuo Kikuu cha Moi, ambacho Kabianga ilikuwa chini yake hadi mwaka 2013, kilianzisha Kitivo cha Sayansi ya Habari tangu 1988. Kinachokosekana ni mhadhiri kubisha hodi. Ile ziara ya saa moja maktabani, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, haisaidii sana: mwanafunzi huonyeshwa rafu kabla hajawa na swali.

Wako watakaosema wakutubi ni wachache na madarasa yamefurika. Ni kweli. Basi na tuanze na kozi moja katika kila idara. Mhadhiri ampelekee mkutubi swali la insha wiki mbili kabla ya kuwapa wanafunzi, walipime pamoja, na mkutubi apewe kipindi kizima darasani. Orodha ya marejeo aisahihishe yeye, na alama zake zihesabiwe. Wengi wa wanafunzi hawa watakuwa walimu Sotik, Litein na Longisa, katika shule ambazo pengine maktaba ni kabati moja lenye kufuli, na ufunguo watakabidhiwa wao.