Kuthibitisha Bila Kufichua: Elimu Inayohitajiwa Mpakani

Mtu akisimama asubuhi moja tu katika mpaka wa Busia, ataona jambo lile lile likirudiwa mara nyingi. Mwananchi huchomoa kitambulisho chake, humkabidhi mtu asiyemjua, na mtu yule husoma yote: jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, namba na picha. Afisa wa uhamiaji ana haki ya kuyasoma hayo, kwani tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Lakini safari ya kitambulisho haiishii kwa afisa huyo. Hutolewa tena kwa wakala wa fedha za simu, ambaye hunakili namba yake katika daftari. Hutolewa kwa mlinzi wa lango la jengo. Hutolewa kwa muuza laini za simu. Kila mmoja wao alitaka kujua jambo moja dogo, na kila mmoja amepewa habari za maisha ya mtu.

Kwa Wasamia na Wateso, ambao mashamba yao, soko lao na misiba yao iko pande zote mbili za mpaka, jambo hili si la mara moja kwa mwaka.

Kule Malaba, katika wilaya ya Tororo, madhara yake yalionekana wazi mwaka 2020. Malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi, madereva wakingoja majibu ya vipimo vya korona. Swali la serikali lilikuwa moja tu: Je, dereva huyu amepimwa na kuonekana hana virusi? Hata hivyo, dereva alilazimika kuonyesha jina lake na habari zake kutoka kizuizi hadi kizuizi, wakati ule ule madereva wa malori walipokuwa wakinyooshewa vidole kuwa ndio waleta maradhi.

Basi, ndugu msomaji, hapa ndipo swali la makala haya linapozuka. Je, yawezekana mtu kuthibitisha jambo moja pasipo kufichua jingine lolote? Wataalamu wa hisabati wanajibu kwamba yawezekana.

VITENGE VIWILI NA MZEE ASIYEONA

Tuchukue mfano wa sokoni. Mama muuza vitenge anavyo vipande viwili vilivyo sawa kwa ukubwa, kwa uzito na kwa kuguswa. Kimoja ni chekundu, cha pili ni kijani. Mbele yake ameketi mzee asiyeona, naye anashuku kwamba vipande vyote ni vya rangi moja. Mama anataka kumwonyesha kuwa rangi ni mbili, lakini hataki kumwambia kipi ni kipi.

Mzee ashike kimoja mkono wa kulia na kimoja mkono wa kushoto. Avifiche nyuma ya mgongo, avibadilishe mikono au asivibadilishe, apendavyo, kisha avitoe na kuuliza: "Mama, nimebadilisha?" Kama vitenge vina rangi moja, mama hana budi kubahatisha, na atapatia nusu ya mara. Akipatia mara 10 mfululizo, bahati hiyo ni moja katika 1,024. Akipatia mara 20, ni moja katika 1,048,576. Mzee atasadiki, naye hatakuwa amejua kipi ni chekundu.

Hiyo ndiyo ithibati isiyofichua. Misingi yake iliwekwa mwaka 1985 na Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff. Wawili wa kwanza walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2012, ambayo ndiyo heshima kuu katika elimu ya kompyuta.

NENO LA SIRI LA MLINZI

Askari yeyote aliyepata kulinda lango usiku anaijua kasoro ya neno la siri. Ukishalitamka, aliyelisikia analo. Akiwa ni adui aliyevaa sare ya mlinzi, umemkabidhi ufunguo kwa kinywa chako mwenyewe. Ithibati isiyofichua huiondoa kasoro hiyo, kwa kuwa mwenye siri huonyesha kwamba anaijua bila kuitamka.

Haikuwa ajabu, basi, majeshi kuivutiwa nayo. Mwaka 1986 Amos Fiat na Adi Shamir, wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, walionyesha kwamba maswali ya yule mzee yanaweza kutolewa na kanuni ya hesabu ambayo mwenye kuthibitisha hawezi kuitabiri wala kuipinda. Kwa njia hiyo ithibati huandikwa mara moja, ikatumwa kama barua, na yeyote akaikagua. Wao na mwenzao Uriel Feige walipoomba hataza nchini Marekani, ofisi ya hataza ya huko, kwa ombi la Jeshi la Nchi Kavu, ilitoa amri mwanzoni mwa mwaka 1987 kwamba uvumbuzi huo uwe siri. Wavumbuzi hawakuwa raia wa Marekani, na kazi yao walikwisha kuieleza katika mikutano ya wataalamu. Amri hiyo iliondolewa baada ya muda mfupi.

MZIGO WA MTUNGA PROGRAMU

Kama elimu hii ina miaka arobaini, mbona haijafika Busia? Sababu kubwa ni kwamba kwa muda mrefu ilikuwa mali ya mabingwa wachache.

Katika programu ya kawaida, kuuliza kama mtu ametimiza miaka 18 ni kazi ya mstari mmoja. Katika ithibati isiyofichua, mstari huo sharti uvunjwe kuwa milinganyo ya kujumlisha na kuzidisha peke yake. Kwa kuwa kulinganisha ukubwa si kujumlisha wala kuzidisha, namba huvunjwa kwanza kuwa sifuri na moja, kisha kila tarakimu ikawekewa mlinganyo wake. Mtungaji akisahau mlinganyo mmoja, programu yake itafanya kazi vema mbele ya mtu mwaminifu, lakini itamfungulia mlango mwongo.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2018 Ariel Gabizon, mtaalamu wa sarafu ya kidijitali ya Zcash, aligundua dosari katika hesabu za ithibati zake ambayo ingemwezesha mwovu kutengeneza sarafu bandia pasipo kuonekana. Ilirekebishwa Oktoba mwaka huo, na umma ukaarifiwa Februari 2019. Ikiwa mabingwa hukosea, kijana wa Tororo anayetengeneza programu ya ghala la mahindi atafanyaje peke yake?

Kwa bahati njema, vyombo vimeanza kupatikana. Lugha kama ZoKrates na Noir humwezesha mtungaji kuandika sharti lake kwa maneno anayoyafahamu, na chombo kikatengeneza milinganyo. Vingine, kama RISC Zero na SP1, hupokea programu iliyoandikwa kwa lugha ya kawaida ya Rust, kisha hutoa ithibati kwamba imetekelezwa sawasawa. Gharama yake ni hesabu nyingi mno kuliko kuitekeleza programu yenyewe.

Aidha, mwaka 2024 Matteo Frigo na Abhi Shelat wa kampuni ya Google walieleza njia ya kutumia sahihi za kidijitali ambazo ofisi za vitambulisho zinazitumia tayari, na ithibati ikatengenezwa katika simu kwa muda wa sekunde 1.2 hivi. Julai 2025 kampuni hiyo iliitoa programu hiyo hadharani, ili mtungaji yeyote aichukue na kuitumia.

YASIYOTIBIWA NA HISABATI

Hata hivyo, yafaa tusidanganyike. Kwanza, ofisi ikitia sahihi ya kweli juu ya cheti cha uongo, ithibati itauthibitisha uongo huo. Pili, wafanyabiashara wengi wa mpakani wana simu ndogo zisizoweza hesabu hizi, na njia isiyowafikia hao haitakuwa imewafikia wananchi.

Tatu, ithibati huficha yanayoonyeshwa mlangoni. Haifichi yaliyochukuliwa na aliyekuandikisha. Mradi wa Worldcoin ulitumia ithibati za namna hii, lakini kwanza ulipiga picha za mboni za macho za watu. Agosti 2023 serikali ya Kenya iliusimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamuru data hizo za miili ya watu zifutwe.

Kenya na Uganda zote mbili zilipitisha sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, na sheria zote mbili zinataka kikusanywe kile tu kinachohitajiwa. Sheria imekwisha kusema. Kilichobaki ni chombo cha kuitimiza. Chombo hicho hakitaundwa na wanahisabati wa ng'ambo wasiolijua daftari la wakala wa Busia. Kitaundwa na watunga programu wa Kampala, Nairobi, Kisumu na Mbale, iwapo vyuo vyao vitawafundisha elimu hii mapema, na iwapo ofisi zinazotoa vitambulisho zitatia sahihi za kidijitali ambazo raia anaweza kuzitumia mwenyewe.

Hadi siku hiyo, mama muuza vitenge ataendelea kutoa kitambulisho chake chote ili ajibiwe swali moja, na daftari la wakala litaendelea kujaa namba zisizo zake.