Muuguzi wa Afya ya Akili na Nyumba ya Mgonjwa

Mgonjwa wa akili anayelazwa hospitalini mara nyingi hukaa wodini kwa majuma machache tu, kisha huruhusiwa kurudi nyumbani, ambako huenda akaishi na maradhi yake kwa miaka mingi akitunzwa na mama, mke, kaka au shangazi ambaye hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Kwa sababu hiyo uuguzi wa afya ya akili, yaani tawi la uuguzi linaloshughulikia maradhi yanayovuruga fikra, hisia na mwenendo wa mtu, hauwezi kuishia wodini, na muuguzi anayempa mgonjwa dozi yake bila kuzungumza na ndugu aliyemleta amefanya nusu ya kazi.

Hospitali za kwanza hazikuwa na fikra hiyo. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe, mjini Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927 chini ya utawala wa Waingereza. Mgonjwa aliyetoka mkoa wa mbali na kupelekwa huko alitengana na jamaa zake, nao hawakujua alivyotibiwa. Njia tofauti ilioneshwa na daktari wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, ambaye tangu mwaka 1954 aliwapangia wagonjwa wa hospitali ya Aro, huko Abeokuta, makazi katika vijiji vya jirani, kila mmoja akifuatana na ndugu wa kumpikia, kumfulia na kumpeleka kwenye matibabu. Ndugu huyo aliona kila siku jinsi mgonjwa alivyohudumiwa, hata wakati wa kurudi kwao ulipofika hakuwa mgeni tena wa kazi iliyomngoja.

Kwamba nyumba yenyewe inaweza kuuongoza ugonjwa kwenye nafuu au kwenye balaa, hilo lilidhihirika London katika miaka ya 1950, pale George Brown na wenzake walipowafuatilia wanaume waliotoka hospitalini, wengi wao wakiwa na skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushikilia imani zisizo na msingi. Ingetarajiwa kwamba waliorudi kwa wazazi au wake zao wangeendelea vizuri kuliko waliopanga vyumba kwa watu baki, lakini mambo yalikuwa kinyume. Uchunguzi wa baadaye ulionesha kuwa ugonjwa hurudi upesi zaidi katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au ulezi wa kupindukia unaomnyima mtu mzima nafasi ya kupumua. Si haki, hata hivyo, kuusoma utafiti huo kama hati ya mashtaka dhidi ya akina mama, kwa kuwa mzazi anayemwita mwanawe mvivu huwa hajaambiwa kwamba kukosa ari, kutooga na kukaa kimya kutwa ni dalili za ugonjwa uleule, wala si tabia mbaya.

Kazi ya kueleza hayo humwangukia muuguzi zaidi ya mtu mwingine yeyote, maana madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno Afrika Mashariki, na katika wilaya nyingi muuguzi ndiye anayefungua kliniki, kuandika tarehe ya kurudi kwenye kadi na kuchoma sindano ya muda mrefu, ambayo dawa yake hutoka kwenye msuli kidogo kidogo kwa majuma mawili hadi manne. Maelezo yanayookoa zaidi ni yale yanayohusu maudhi ya dawa. Mgonjwa aliyeanzishiwa haloperidoli anaweza, katika siku chache za mwanzo, kupatwa na mkazo wa ghafla wa misuli: shingo hupinda upande mmoja, taya hukaza, ulimi hutoka nje na macho hugeuka juu yasiweze kushuka. Familia isiyotahadharishwa huamini kwamba jini amepanda, au kwamba hospitali imempa mgonjwa sumu, hivyo huvitupa vidonge na kukata mguu kliniki. Familia iliyotahadharishwa humkimbiza mgonjwa kituo cha afya, ambako dawa ya kulegeza mkazo huo, kama benzeksoli, humrudisha katika hali yake kwa muda mfupi, kisha dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa.

Kuhusu majini na kurogwa, muuguzi mwenye busara habishani. Kuikejeli imani ya ukoo mbele ya wazee ni kujifungia mlango, ilhali kombe na maombi havizuii vidonge kufanya kazi. Anachokataa bila kuyumba ni kusimamishwa kwa dawa, kufungwa minyororo, viboko, na kumshindisha mgonjwa njaa.

Jambo linaloachwa nyuma mara kwa mara ni hali ya mlezi mwenyewe, ambaye halali usiku, ameacha biashara yake, na hualikwa harusini kwa sharti lisilotamkwa kwamba asije na mgonjwa wake. Muuguzi anapomtembelea huitisha kikao cha ndugu, akagawa zamu kwa majina: nani atasimamia vidonge vya jioni, nani atatoa nauli ya kliniki, nani atakaa na mgonjwa ili mama aende sokoni. Katika kikao hicho hicho huandikwa dalili za awali za mgonjwa huyo hasa, kwa kuwa hazifanani kwa watu wote. Mmoja hukosa usingizi siku tatu mfululizo, mwingine huanza kufunika madirisha au kukataa chakula kilichopikwa na dada yake, na ndugu wakishazijua hawangoji avunje vyombo ndipo wampeleke hospitali.