Jetoni ya Mugunga, jetoni ya Roma

Mtu wa Sake, karibu na Goma, hahitaji kuelezwa jetoni ni kitu gani. Ndicho kikaratasi cha kupokelea msaada ambacho mama anakifunga kwenye pindo la kitenge, maana kikilowa au kikipotea, unga wa mwezi umekwenda. Unaweza kuwa na njaa kuliko wote waliopanga foleni, na bila jetoni bado ukarudi na mfuko mtupu.

Roma ya kale nayo ilikuwa na yake. Mwaka 123 KK, Gaius Gracchus alipitisha sheria ya kuwauzia raia wa jiji ngano kwa bei nafuu iliyowekwa na serikali. Mwaka 58 KK, mwanasiasa Clodius akaifanya ya bure. Aliyeandikwa alipata kama kilo 33 kwa mwezi, na wakati wa makaizari alikwenda kuichukua kwenye ukumbi wa Minucia kwa siku aliyopangiwa na kwenye mlango aliopangiwa, ambao ulikuwa na namba yake.

Ukisikia hivyo utadhani Roma iliwahurumia maskini wake. Iliwahesabu raia wake, basi. Mtumwa hakuandikwa, mgeni hakuandikwa, mwanamke kwa kawaida hakuandikwa, hata kama ni mjane mwenye watoto wanaolia. Tajiri, mradi ni raia, hakuna aliyemzuia. Mwandishi wa Kirumi Cicero anasimulia kisa cha Piso, mkubwa aliyeipinga sheria ya Gracchus kwa nguvu zake zote, kisha ngano ilipoanza kugawiwa akaonekana amesimama kwenye foleni. Gracchus alipomuuliza, Piso akajibu kwamba hapendi mali zake zigawiwe watu, lakini zikigawiwa, naye atadai fungu lake. Watu wa namna hiyo hawajaisha duniani.

Mwaka 46 KK, Julius Caesar aliamua kuipunguza orodha. Aliwatumia wenye nyumba za kupangisha, mtaa kwa mtaa, wamtajie nani anaishi wapi. Majina 320,000 yakawa 150,000. Maskini aliyekosana na mwenye nyumba wake wiki hiyo alikuwa na sababu ya kuogopa, kama vile leo asiyeelewana na shefu wa avenyu anavyoogopa siku ya kuandikwa majina.

Sake iko kilomita kama 25 magharibi mwa Goma, mahali barabara zinapoachana: moja inapanda Masisi, moja inaelekea Kitshanga, nyingine inashuka Minova. Maharage, viazi, jibini na makala ya milimani hupita hapo kwenda kulisha Goma. Ndiyo maana kila jeshi linaitaka. Watu wake waliikimbia Novemba 2006, wakaikimbia tena Novemba 2012, na Februari 2024 mapigano kati ya jeshi la serikali na waasi wa M23 yakaiacha karibu tupu.

Wengi waliishia kambi za pembeni mwa Goma: Mugunga, Bulengo, Lushagala. Walijenga vibanda vya miti na turubai juu ya mawe ya volkano, ambako hata kigingi hakiingii. Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yaliwafuata humo humo. Na mkulima aliyekuwa akipeleka maharage Goma kwa magunia sasa alipanga foleni apewe maharage na PAM (Mpango wa Chakula Duniani), pamoja na unga wa mahindi, mafuta na chumvi, huku bei sokoni Goma zikipanda kwa sababu barabara yake mwenyewe imefungwa.

Walioishi kambini angalau walionekana. Aliyepokewa na shemeji yake mtaani Ndosho, Goma, watu kumi kwenye nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, mara nyingi hakuwa kwenye orodha yoyote. Wala huyo shemeji hakuwamo, ingawa sufuria ya bugari ni yake na bidoni la maji analinunua yeye. Sehemu kubwa ya msaada katika nchi hii hutoka kwenye nyumba kama hizo, na hakuna ripoti inayoujumlisha vizuri.

Sake yenyewe imewahi kuwa shemeji huyo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe, watu wapatao 400,000 waliondoka, na wengi wao walitembea hadi Sake. Walilala makanisani, madarasani na kwenye baraza za watu. Wafanyakazi wa ofisi wa Goma wakaomba maji kwa wauza makala.

Roma ilikuwa na dawa nyingine wakati wa njaa: kupunguza watu. Mwaka 6 BK, chakula kilipokuwa haba, Augustus aliwafukuza jijini wageni, wapiganaji wa uwanjani na watumwa waliokuwa wakiuzwa, akawabakiza waganga na walimu. Goma nayo haikuwa mbali na hapo. M23 waliichukua Sake, kisha Goma, mwishoni mwa Januari 2025, na Februari waliokuwa kambini wakaambiwa warudi makwao ndani ya saa 72. Baadaye ikasemwa kwamba kurudi ni kwa hiari, lakini vibanda vilikuwa vimeshaanza kubomolewa.

Waliorudi Sake walikuta kuta zilizotobolewa, nyumba zisizo na mabati, na mabomu ambayo hayajalipuka yamelala mashambani, kwa hiyo hata kushika jembe kulikuwa kwa kubahatisha. Na chakula cha msaada nacho, kama cha Roma, kilitegemea watu wa mbali. Ngano ya Roma ilitegemea meli za Misri na sehemu nyingine za Afrika ya Kaskazini, na upepo ukigoma, jiji zima lilipatwa na wasiwasi. Unga wa Kivu ulitegemea Washington: mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo, na fedha hizo zilisimamishwa Januari 2025, mwezi ule ule Sake ilipotekwa. Kambi zilipofungwa, jetoni za Bulengo zikakosa pa kupelekwa, na ikabidi majina yaanze kuandikwa upya, avenyu kwa avenyu.