Mwanafunzi wa Chuo, Michezo na Swala ya Alasiri

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Vijana wanaojiunga na vyuo vikuu huuliza mara kwa mara: je, inafaa Muislamu kuingia katika timu ya chuo? Wapo walioambiwa kuwa mpira ni upuuzi tu. Wapo pia waliouingia kichwa kichwa hadi swala zikawapita. Pande zote mbili zimekosea.

Asili ya michezo ni halali. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mama yetu Aisha (r.a.), kama alivyopokea Abu Daud. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Salama bin al-Akwa (r.a.): walipokuwa wakirejea Madina kutoka safarini, aliomba ruhusa kwa Mtume (s.a.w.) ashindane mbio na mtu wa Ansari, akaruhusiwa, akashinda. Mwili ni amana, na kijana anayekaa darasani na maktaba siku nzima anahitaji kuutunza.

Basi tatizo liko wapi? Kwa Mwanza, liko kwenye saa. Mechi nyingi huanza saa kumi jioni. Alasiri nayo huingia karibu na saa hiyo hiyo, ikitangulia au kuchelewa kidogo kulingana na majira. Mpira ukianza saa kumi, huisha karibu saa kumi na mbili kasoro robo. Hapo kuna kubadili nguo, kupiga picha na kusubiri daladala, na magharibi huingia kabla au karibu ya saa moja. Allah ametufahamisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 103, kuwa swala ina nyakati maalumu. Na Mtume (s.a.w.) amemfananisha aliyepitwa na alasiri na mtu aliyepoteza ahli zake na mali yake.

Dawa yake ni kujipanga. Tawadha kabla ya mechi. Wakati ukiwa umeshaingia, swali kwanza. Haujaingia, swali wakati wa mapumziko. Dakika 15 zinatosha rakaa nne. Ukishindwa, swali mara tu filimbi ya mwisho inapolia, palepale uwanjani, kabla ya jambo lingine. Vyuo kama SAUT pale Malimbe na CUHAS pale Bugando ni vya Kanisa Katoliki, na Waislamu wanasoma humo. Usitarajie ratiba ifuate adhana. Mweleze kocha na nahodha mapema, kwa adabu, siku unayojiunga.

Timu inaposafiri, hukumu hubadilika. Chukua mfano wa timu inayotoka Mwanza kwenda kucheza Geita kupitia Kigongo. Safari hiyo inazidi kilomita 80, kiasi wanachokitaja wanazuoni wengi, kwa hiyo ukishaacha majengo ya mji unaweza kupunguza swala, na unaweza kukusanya adhuhuri na alasiri ukaingia uwanjani huna deni. Lakini anayetoka mjini kwenda kucheza Kigongo penyewe na kurudi hajafikia umbali huo. Huhesabiwa kwenda tu, wala kurudi hakujumlishwi. Yeye huswali kamili, kila swala kwa wakati wake.

Zamani watu walisubiri kivuko pale Kigongo, na kusubiri huko kuliwapa nafasi ya kuswali ufukweni. Tangu daraja la kilomita 3 lizinduliwe Juni 2025, gari linapita kwa dakika chache bila kusimama. Hivyo kubalianeni na dereva mahali pa kusimama kabla hamjaondoka.

Mambo mengine mawili yaangaliwe. La kwanza ni mavazi. Kwa wanazuoni wengi uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na goti, basi vaa bukta pana inayovuka goti. Dada zetu nao wana haki ya mazoezi, wakijisitiri na kujitenga na macho ya wanaume. Asiwepo wa kuwaambia kuwa hijabu hairuhusiwi: sheria za soka zimeiruhusu tangu 2014, na za mpira wa kikapu tangu 2017.

La pili ni pesa. Kubeti ni kamari, hata kama timu ni yako na mkeka ni wa shilingi mia tano. Na yale mashindano ambayo kila timu inachanga, kisha mshindi anachukua mbuzi aliyenunuliwa kwa michango hiyo, ndani yake mna kamari pia, maana kila mmoja ama anapata ama anapoteza. Zawadi ikitolewa na mtu wa nje asiyeshindana, wanazuoni wengi wa zama hizi wameiruhusu.

Ndugu yangu mwanafunzi, ingia uwanjani. Wenzako wakikuona unatoka pembeni dakika tano kumsujudia Mola wako, kisha unarudi kukimbia kama wao, wamejifunza kitu kuhusu Uislamu. Na siku utakapoambiwa uchague baina ya namba yako na swala yako, chagua swala. Namba atapewa mwingine. Swala yako hakuna atakayekuswalia.

Wallahu a'lam.