Timu ya Moshi na Mlango wa Ligi Kuu

Msimu wa 2022/23 ulipokwisha, Polisi Tanzania, timu yenye maskani yake Moshi, ilishuka kutoka Ligi Kuu pamoja na Ruvu Shooting, na tangu hapo hadi msimu wa 2025/26 mkoa wa Kilimanjaro haukuwa na mwakilishi miongoni mwa klabu 16 za daraja la juu. Ilikuwa imepanda mwaka 2019 sambamba na Namungo ya Ruangwa, wakati ambapo ligi ilikuwa na klabu 20. Baadaye nafasi zikapunguzwa hadi 18, kisha 16, na kwa kadiri nafasi zilivyopungua ndivyo hatari ya kuteleza ilivyozidi.

Daraja lililoipokea ni lile lililojulikana kwa miaka mingi kama Ligi Daraja la Kwanza, na ambalo tangu msimu wa 2021/22 huitwa Championship. Kanuni zake ni nyepesi kusimulia, nzito kutekeleza. Timu 16 hukutana nyumbani na ugenini, kila moja ikicheza mechi 30. Mbili za kwanza hupanda moja kwa moja. Ya tatu na ya nne huchuana baina yao, na mshindi hulazimika tena kupambana na klabu ya Ligi Kuu iliyoshindwa katika mchujo wa walioshika nafasi ya 13 na ya 14. Mlango huo wa uani si wa kudharauliwa, maana ndio walioupitia Mashujaa wa Kigoma mwaka 2023: walimaliza wa nne, wakaitoa Pamba ya Mwanza, kisha wakaishusha Mbeya City.

Walakini anayedhani kwamba msimu huamuliwa na miguu peke yake hajaisoma ratiba. Safari ya Moshi kwenda Arusha kucheza na Mbuni ni ya kilomita 80 hivi, na timu yaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Bali safari ya Musoma au ya Mbeya hutaka mafuta, malazi na chakula cha watu zaidi ya 20 kwa siku kadhaa, na masurufu hayo hutakiwa yawepo kabla mpira haujapigwa, washinde au washindwe. Mkataba wa matangazo ya televisheni uliotiwa saini mwaka 2021 baina ya shirikisho la soka, TFF, na kampuni ya Azam Media, wa miaka 10 na thamani ya shilingi bilioni 225.6, ulikuwa wa Ligi Kuu. Aliyeshuka daraja huiacha neema hiyo nyuma yake, akarudi kuhesabu mapato ya mlangoni.

Tena sehemu ya mwisho ya msimu, ambayo ndiyo huamua, hukutana na masika. Ukienda Uwanja wa Ushirika wa Moshi mwezi wa Aprili utaona jinsi mvua inavyokuwa mwamuzi wa pili: mbele ya goli nyasi zimekwisha kuchakaa, mpira wadunda mara moja kisha wakwama topeni, na beki mwenye akili hathubutu kumrudishia kipa wake, bali huubutua hadi nje huku wapenzi walioteremka kutoka Kibosho na Old Moshi wakimshangilia chini ya miavuli kana kwamba amefunga. Katika hali hiyo fundi wa chenga hana fadhila juu ya mwenye mapafu na subira, na ndiyo sababu daraja hili ni rafiki wa timu za majeshi, ambazo wachezaji wake wamezoea amri, mazoezi na ujira usiokatika.

Hapo ndipo lilipo suala ambalo kwa maoni yangu lapita suala la ufundi, nalo ni la umiliki. Polisi Tanzania ni ya Jeshi la Polisi, ambalo shule yake mashuhuri iko papo hapo Moshi, nayo kwa hiyo ina mhimili. Kabla yake Panone, iliyochukua jina la kampuni ya mafuta, ilifika Daraja la Kwanza katikati ya mwongo uliopita, kisha ikatoweka. Ama Kitayosce, habari yake ni ya ajabu zaidi: ilizaliwa Kilimanjaro, ikafanya hijra kwenda Tabora, na huko ikapanda Ligi Kuu mwaka 2023 nyuma ya JKT Tanzania. Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya klabu ya Azam mwezi wa Agosti, iliingia uwanjani na wachezaji 8 tu kwa kuwa usajili wake ulikuwa na dosari. Majeruhi wakaipunguza hadi chini ya 7, na kwa mujibu wa sheria mchezo ukakatizwa ikiwa imekwisha kufungwa mabao 4. Baadaye jina nalo likabadilishwa, ikawa Tabora United. Moshi haikuipoteza timu hiyo kwa kufungwa na mtu. Iliipoteza kwa sababu haikuwa mali yake.

Suala hilo la umiliki si letu peke yetu, maana Ufaransa nako daraja la pili, Ligue 2, lina misukosuko yake. Kuna tume ya hesabu za fedha, DNCG, ambayo kila kiangazi huita viongozi wa klabu waeleze madeni yao, na isiporidhika huweza kuishusha timu pasipo mpira kuchezwa. Bordeaux, bingwa wa nchi hiyo mara 6, ilikumbwa na hukumu hiyo mwaka 2024, ikaacha hata hadhi yake ya klabu ya kulipwa. Bali mfano unaotuhusu sisi ni Bastia, ya kisiwa cha Corse. Ilishuka kutoka daraja la juu mwaka 2017, madeni yakaifilisi, ikaanza upya daraja la 5. Na mwaka 2019 ikajigeuza kuwa chama cha ushirika, ambamo mashabiki, wachezaji, watumishi, wafanyabiashara na serikali za mitaa wote wana hisa na sauti. Mwaka 2021 ilikuwa imekwisha kurejea Ligue 2.

Mtu wa mlimani akisikia habari hiyo hana haja ya kufafanuliwa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 kikasimama chama kikuu cha ushirika, KNCU. Na Uwanja wa Ushirika tuliouzungumzia ni wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, mahali ambapo elimu hiyo hiyo ya ushirika hufundishwa. Ni jambo la kustaajabisha kwamba watu walioweza kumiliki kwa pamoja mizani, maghala na kinu cha kahawa, hadi leo wangoja jeshi au tajiri awaletee timu ya kandanda.

Katiba iliyosajiliwa, ada ndogo ya mwaka na mkutano mkuu wa wanachama vyatosha kuanza, na vyama vya msingi huko juu vina makarani waliozoea kutunza daftari kuliko viongozi wengi wa klabu zetu. Wenye nia na waanze chini kabisa, ligi ya wilaya, ambako gharama ni akali, wala wasikubali timu hiyo iandikwe kwa jina la mtu mmoja.